Joto Lililoruka Kifundo

Kama mguu wako mmoja umeanza kuwa wa baridi kuliko mwenzake, kaa chini usome. Mimi nilipita njia hiyo na nimerudi nikitembea. Nalisema mapema kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilichoshwa na watu waliokuja kunisimulia habari za wagonjwa wengine, kisha wakanyamaza pale pale nilipotaka kujua kama huyo mtu alipona.

Jina langu ni Kasereka. Wazazi wangu ni Wanande wa Butembo, lakini mimi ni mwoka mikate hapa Kisangani, komyuni ya Kabondo, tangu ujana wangu. Wakati ninaousimulia mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na majeshi mawili ya wageni yalikuwa yamekaa humo yakitazamana vibaya. Meli za Kinshasa zilikuwa zimekatika. Unga wa ngano ulitujia kwa ndege ndogo pale uwanja wa Simi-Simi, siku ukija. Siku usipokuja tulioka mikate ya muhogo, na wateja waliila kwa kutuonea huruma.

Ugonjwa ulianza kwenye shavu la mguu wa kushoto, msimu wa mvua. Nikitembea kidogo, msuli unakaza kama umeshikwa na koleo. Nikisimama unaachia. Nikianza tena, unakaza tena. Wenzangu wote walikuwa wanapanda toleka, zile baiskeli zenye mto nyuma kwa abiria, lakini mimi nilijiona bado kijana na sikutaka kubebwa kama gunia. Basi nikawa nasimama barabarani. Na kwa kuwa ni aibu mtu mzima kusimama bure kama nguzo, nikaanza kusalimia watu. Niliulizia watoto, mama wakwe, kuku wao, mpaka maumivu yaishe. Haikupita muda mrefu watu wakaanza kusema Papa Kasereka anautaka uchifu wa mtaa vita vikiisha. Mzee mmoja fundi viatu aliniahidi kabisa kwamba yeye na wanawe wako nyuma yangu, na mimi nikamshukuru, kwa sababu mguu ulikuwa haujaachia bado.

Aliyegundua ubaridi ni mke wangu, Kahindo. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mvua inapiga bati, tumelala kidogo kama watu wa heshima. Mguu wake ukagusa wangu.

"Papa, huu muguu yako iko baridi sana," akasema. "Unaingisha samaki mu kitanda?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliinuka, akashika mguu wa kulia, akashika wa kushoto, akarudia, na uso wake ukabadilika.

Sasa, mimi ni mtu wa tanuri. Kazi yangu yote ni joto, na kitu kikiwa baridi najua dawa yake ni moja tu. Kwa hiyo kila alfajiri, mikate ikishatoka, nilikuwa nakaa kwenye gunia mbele ya mdomo wa tanuri, naweka kisigino juu ya matofali yenye moto, nawasha sigara, nasikia raha. Nilijisifu kwamba nimejitibu bila kumsumbua mtu. Nilichokuwa sijui ni kwamba mguu usiopata damu ya kutosha haujui tena moto ni nini. Siku moja Kahindo alikuwa anapanga mikate kwenye vikapu, akasimama ghafla na kunusa.

"Nani anachoma nyama asubuhi yote hii?"

Ilikuwa mimi. Ngozi ya kisigino ilikuwa imeiva, na mimi nilikuwa navuta sigara bila kusikia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kile kidonda kilikataa kupona. Jua fupi la katikati ya mwaka lilikuja likaondoka, zikaja mbinzo, wale viwavi tunaowala hapa mvua zinaporudi, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Kidole kidogo kikageuka rangi ya biringanya. Ndipo akafika Yaya Masika.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alikufa mimi nikiwa bado natambaa, na Masika, ambaye alikuwa msichana tu, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanilisha, akanipeleka shule, akanichapa ilipobidi. Alisikia habari zangu akiwa Butembo, akapanda ndege ya mizigo akikaa juu ya magunia, akashuka Simi-Simi akiwa mweupe kwa unga mwili mzima. Alifika nyumbani, akanifungua kidonda, akatazama muda mrefu.

"Iyi haiko ugonjwa ya docteur," akasema. "Iyi ni mbasu."

Kila mtu wa mji huu anajua mbasu. Ni kwamba mtu mwenye chuki ameweka kitu chake njiani, wewe umekikanyaga, na mguu unaoza polepole. Yaya akauliza nani anafungua mlango wa boulangerie yetu ya mikate kwanza kila siku. Ni Kahindo anayefungua. Kahindo akasimama, akaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Kuanzia siku hiyo wanawake wawili ninaowapenda kuliko wote waliishi katika nyumba moja wakizungumza kupitia kwangu. "Umuambie yaya yako chumvi iko pale." "Umuambie bibi yako niliiona." Mimi katikati, na mguu wangu juu ya kiti. Ugonjwa unachosha, lakini ukalimani ulinichosha zaidi.

Yaya alikuwa amepata mganga ng'ambo ya mto, Lubunga, wa kunichanja chale na kupaka unga wake. Nami nilikuwa nimekubali. Hospitali niliiogopa kuliko mganga, kwa sababu mtaani kwetu wote walisema ukiingia kule na mguu mbaya, unatoka na mmoja. Kahindo hakubishana. Siku moja Yaya akiwa sokoni, aliita toleka mbili, akanikalisha kwenye moja, akapanda nyingine na sufuria mapajani.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Misa," akasema.

Tukapita mbele ya kanisa. Hakugeuza hata kichwa.

Yale majeshi mawili yalikuwa yameanza kupigana ndani ya mji wetu, kwa mabomu, juu ya vichwa vyetu, na siku hiyo yalikuwa yamepumzika kidogo. Ukumbi wa hospitali ulijaa. Watu walilala sakafuni juu ya pagne, vitenge vya wake zao. Kando yangu mama mmoja alimshikilia bintiye aliyepigwa na kipande cha bomu begani, na mimi nimeshikilia kisigino nilichojichoma mwenyewe nikitafuta raha. Niliona aibu isiyo na jina. Ugonjwa wangu ulikuwa ugonjwa wa watu wenye amani, watu wanaozeeka na sigara zao. Kila muuguzi alipotokea mlangoni niliangalia chini, ili asiniite kabla ya wale. Nakumbuka yule mama alinipa ndizi moja, akasema na mimi pia ni mgonjwa, nile. Kama unaogopa vyumba vya kungojea, jua kwamba humo ndimo nilimokuta watu wema kuliko wote.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipoitwa. Daktari alikuwa mpasuaji mzee, mwembamba, mtu wa Basoko, na hospitali nzima ilimwita Docteur tu. Hakuuliza mengi. Aligeuza mkono, akaniwekea mgongo wa mkono wake juu ya paja, akaushusha polepole: goti, shavu la mguu, kifundo, vidole. Akarudia upande wa pili. Kisha akatoa bic mfukoni akachora mstari wa wino kwenye ngozi yangu, chini kidogo ya goti.

"Hapa juu damu inafika," akasema. "Hapa chini inafika kidogo sana. Iko kitu kinaziba mushipa mukubwa, mu kinena."

Nikalazwa. Kitanda kiliinuliwa kichwani kwa matofali ili miguu iwe chini, mguu ukafungwa pamba kavu, nikadungwa sindano za kuifanya damu isigande, siku zilipopatikana. Sigara zangu alizichukua yeye mwenyewe. Na akatoa amri moja, kidole juu: "Hakuna moto. Hakuna maji moto, hakuna mafuta moto, hakuna jiko. Unasikia, Papa? Unaua nyama ambayo haina damu ya kujilinda." Akasema atapima kila asubuhi kwa mkono. Joto likishuka lenyewe mpaka vidoleni, vizuri. Mguu ukibaki baridi, tutaingia salle, chumba cha upasuaji.

Akaondoka. Hakusema huko salle kuna nini, kwa sababu alikuwa na watu wengi wa kushona, na sisi hatukuuliza, kwa sababu tulidhani tunajua.

Yaya Masika alifika amekasirika, tukamwambia maneno ya Docteur, akabaki hata hivyo. Ndugu ni ndugu. Kahindo alikuwa na mikate ya kuuza, basi wakagawana kazi ya garde-malade, ya kumtunza mgonjwa, bila kuongea: Yaya wa asubuhi, Kahindo wa mchana. Asubuhi Yaya alinikinga kwa pagne, akaniosha kuanzia kiunoni kwenda chini kabla Docteur hajapita. Mtu mzima kuoshwa na dada yake si jambo dogo, hata kama aliwahi kukuosha ukiwa mtoto. Nilikuwa nageuza uso ukutani mpaka amalize, na tuliongea habari za Butembo, bei ya maharagwe, nani kaoa nani, ili wote wawili tusahau.

Siku za kwanza mstari haukusogea. Halafu asubuhi moja Docteur alipitisha mkono haraka, maana ukumbini kulikuwa na majeruhi wapya, akagusa vidole vyangu, akainua nyusi.

"Tiens. Iko na joto. Tungoje."

Nilifurahi mpaka nikamwambia Kahindo alete mkate mweupe kwa chumba kizima. Asubuhi iliyofuata, vivyo hivyo. Vidole vina joto. Kweli, maumivu yalikuwa yamezidi, na kile kidole kidogo kilikuwa kimekuwa cheusi, lakini mtu mwenye elimu amesema mguu una joto, mimi ni nani nibishe? Nilikuwa tayari nimeanza kupanga nitakavyorudi kazini.

Kisha ikaja asubuhi tulivu. Hakuna bunduki, hakuna machela mlangoni. Docteur alikuwa na muda. Akakaa, akageuza mkono, akaanzia gotini. Akashuka kwenye shavu la mguu, akapunguza mwendo. Kwenye kifundo akasimama. Akaenda vidoleni. Akarudi kifundoni. Akamwita Mwajuma, muuguzi wetu, mama wa Maniema aliyekuwa anatutania wote.

"Weka mukono hapa. Sasa hapa. Sasa hapa."

Mwajuma akaweka. Akakunja uso.

"Papa Kasereka," Docteur akasema, "hii joto yako imepita wapi? Kwa goti iko. Kwa kifundo haiko hata kidogo. Kwa vidole iko tena. Imepanda ndege pale goti, ikashukia kwa vidole?"

Chumba kizima kilicheka. Yeye hakucheka. Aliichukua ile pamba aliyokuwa ameifungua, na ilikuwa na unyevu. Akatazama chini ya kitanda. Pale palikuwa na birika la Yaya, mdomo wake bado unatoa mvuke, na juu yake kitambaa kilichokamuliwa.

Yaya Masika akasimama. Ni mwanamke mrefu, na siku hiyo alikuwa mrefu zaidi.

"Ni mimi," akasema. "Docteur, ulisema muguu ikibaki baridi, utamuingisha salle. Bon. Nikasema haitabaki baridi. Huyu ni mi njo nilimulea. Sikumulea ili umurudishe kwangu na muguu moja."

Kumbe wakati mimi nimegeuza uso ukutani, yeye alikuwa anavifunga vidole vyangu kwa kitambaa cha maji ya moto, anakitoa na kurudisha pamba daktari akikaribia. Nami sikusikia kitu, kwa sababu mguu haukuwa unasikia.

Nilidhani Docteur atapiga kelele. Akaongea polepole, kama mtu aliyechoka sana.

"Yaya, nani alikuambia nitakata?"

"Batu bote."

"Mi sitaki kukata. Nataka kufungua mushipa, kuondosha bile bichafu biko ndani, na kufunga. Kukata ni mwisho kabisa. Lakini kama ningeamini hivi vidole mpaka kesho, kesho ningekata kweli."

Yaya alikaa kitandani kwangu. Nilimkasirikia, nasema wazi. Alikuwa amekaribia kunipotezea mguu kwa mikono yake. Na papo hapo nilimpenda, maana tangu nizaliwe hajawahi kukaa tu akitazama kitu kibaya kikinijia.

"Leo?" akauliza.

"Leo. Sasa hivi, kama jenereta inakubali."

Jenereta ilikubali. Wakati wa kunichoma sindano ya mgongo, Docteur aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba kabla ya mwaka ule hakuwa akishona mishipa mara nyingi, ni vita vilivyomfundisha, kwa vijana waliochanwa na vyuma. Sikujua niseme asante kwa nani. Nilisali tu kwa ajili ya wale vijana, nikiwa nimelala macho wazi nyuma ya shuka la kijani, nikisikia vyuma vinagongana na mtu anaomba mwanga usogezwe.

Alipomaliza nilimwomba nione kilichotoka. Mwajuma akaniletea kwenye kile chombo cha chuma wanachokiita haricot. Kilikuwa kama ganda lililotoka ndani ya bomba, refu kiasi cha kidole. Sehemu moja nyeupe, ngumu, ukiigonga inalia. Sehemu nyingine ya manjano, laini kama uji uliolala.

"Iyi nyeupe ni chokaa," Docteur akasema. "Imezeeka, imepoa, inabaki pale tu. Iyi ya manjano ni mafuta, njo mubaya. Ukuta wa mushipa hapo unakuwa na moto zaidi kidogo kuliko pengine, kama kidonda. Ikipasuka, damu inaganda juu yake. Ulaya banaanza kupima hiyo joto na waya mwembamba ndani ya mushipa. Mimi niko na kidole."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mkate unaweza kupoa juu, ganda likawa gumu, na ndani kukawa bado na moto wa kukuunguza ulimi. Niliyatazama yale mafuta na nikafikiria miaka yangu yote ya sigara na kujiona kijana. Kisha nikamwambia Mwajuma ayatupe.

Sasa nyinyi wenye mguu baridi, haya ndiyo niliyotaka kuwaambia. Ukiwa unasimama njiani kusalimia watu usiowajua, nenda ukapimwe kabla ya kuwa chifu. Usiweke moto juu ya mguu usiosikia. Muulize daktari mpango wake ni nini, hata akiwa na haraka, na uhakikishe dada yako naye amesikia. Sigara iache, nililia kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya kidole kidogo, ambacho ncha yake ilikauka na kuanguka yenyewe baada ya nyuzi kutolewa. Kidonda cha kisigino kilifunga mvua kubwa zilipoanza tena. Leo naenda kwa miguu kutoka nyumbani hadi sokoni, na majirani wanalalamika kwamba siku hizi ninapita bila salamu.

Lakini sijawaambia ule mchana wenyewe, na ule ndio ninaoukumbuka kuliko yote. Walinirudisha chumbani, mguu mweupe kama unga, baridi. Docteur akasema mshipa unahitaji muda, na akakataza mtu yeyote kuugusa. Hata pamba hakutaka. Mwajuma aliondoka na birika, akalifungia ofisini. Yaya na Kahindo wakakaa kwenye benchi moja, kwa kuwa hapakuwa na lingine. Yaya alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyeonywa. Kahindo alimtazama, akakata mkate katikati.

"Yaya, kula," akasema. Alimwambia yeye mwenyewe, si kupitia kwangu.

Yaya akatoa mkono mmoja, akala, akaukalia tena.

Docteur aliporudi alinishika goti, akashuka mpaka vidoleni, akarudi juu, akashuka tena. Hakuchora mstari. Akasogea pembeni, akamwambia Yaya aweke mkono. Yaya akamtazama kama mtu anayetegewa mtego. Kisha akainuka, akageuza mgongo wa mkono wake kama alivyomwona yeye akifanya kila asubuhi, akaanzia gotini. Shavu la mguu. Kifundo. Hapo akasimama, akapumua, akaendelea mpaka kwenye vidole. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akamvuta Kahindo, akauchukua mkono wake, akauweka pale pale juu ya kifundo changu.

"Iko joto," akamwambia. "Njia yote. Na leo mi sikufanya kitu."